Habari za Jibini katika Nyanda za Juu Kusini

Katika yote ambayo jibini huyahitaji kwa maumbile, nchi ya Mbeya na Iringa haikunyimwa kitu: inayo baridi, inayo majani mabichi kwa sehemu kubwa ya mwaka, inayo vijito vitiririkavyo hata katika ukavu wa Septemba, inayo ng'ombe, na inayo watu waliowazoea ng'ombe tangu enzi ambazo hapana aliyeziandikia tarehe. Hata hivyo Wahehe, Wabena, Wakinga, Wasafwa na Wanyakyusa, ambao kila kabila kwa kaida zake lilijua kugandisha maziwa, hawakuturithisha jibini hata moja. Na jibini ambayo leo huuzwa katika maduka na hoteli za Dar es Salaam kwa sifa ya kutoka Njombe ni kitu cha karne hii, kilichokuja pamoja na Wataliano. Swali linalozuka ni kama jibini hiyo yaweza kuhesabiwa kuwa ya nchi hii, kama vile chai ya Mufindi na mchele wa Kyela vilivyo vya nchi hii, au kama itabaki daima kuwa jibini ya Italia iliyotengenezwa mbali na kwao. Wengi hulijibu swali hili kwa haraka, wengine kwa fahari na wengine kwa dharau, na aghalabu pande zote mbili hazikulitazama vizuri.

Nisemapo Mbeya na Iringa nakusudia mikoa hiyo kwa mipaka yake ya zamani, kabla Njombe haijatolewa katika Iringa mwaka 2012 na Songwe katika Mbeya mwaka 2016, maana ng'ombe na majani havikugawanyika siku ile Gazeti la Serikali lilipochapwa.

Tuanze na hoja ya wenye dharau, wasemao kwamba wazee hawakutengeneza jibini kwa kuwa hawakuijua. Hoja hii ni dhaifu. Jibini ngumu hutokana na kimeng'enya kiitwacho reneti, kinachopatikana katika tumbo la nne la ndama anyonyaye. Kikitiwa katika maziwa yenye uvuguvugu hukamata protini ya kaseini na kuifanya nyama laini, ikajitenga na maji yake. Mfugaji yeyote aliyewahi kumchinja ndama mchanga na kumpasua tumbo ameyaona kwa macho yake maziwa yaliyoganda humo ndani. Ujuzi wa kwanza ulikuwa mbele ya macho ya watu. Kilichokosekana ni sababu ya kuutumia. Ng'ombe wa asili wa nchi hii, mwenye nundu, huwapa watu lita moja au mbili kwa siku baada ya ndama kupata haki yake, na fauka ya hayo hakubali kuachia maziwa ila ndama awe karibu naye, amnyonye kidogo kwanza. Kumchinja ndama ili kupata reneti kulikuwa ni kuyakausha maziwa yale yale ambayo reneti ingeyagandisha. Tena ndama jike alikuwa mahari ya kesho na ndama dume alikuwa maksai au nyama ya sherehe, kwa hiyo ingekuwa ajabu kubwa kumpata mzee wa Rungwe au wa Uhehe ambaye angeitoa mali hiyo ili apate donge la chumvi la kuwekwa darini.

Na hata angepata maziwa tele, asingekuwa na haja. Maziwa yaliyogandishwa kwa uchachu katika kibuyu yalitatua karibu kila tatizo ambalo jibini huwatatulia wengine: yalikaa siku kadhaa bila kuoza, yaliliwa kwa ugali, kwa viazi au kwa ndizi, na hayakuhitaji chombo wala ujuzi ambao mama wa nyumba hakuwa nao. Anayekijua kibuyu cha maziwa kilivyotunzwa hatakiita kitu cha kubahatisha. Husuguliwa ndani, hufukizwa kwa kijinga cha mti uliochaguliwa, hukungʼutwa majivu, kisha hutiwa maziwa juu ya masalio kidogo ya maziwa ya jana, ambayo ndiyo yaliyobeba bakteria wa kuchachusha. Na nyumba mbili za kitongoji kimoja zingeweza kuwa na mtindi wenye ladha tafauti kwa sababu kila kibuyu kilikuwa na ukoo wake. Maarifa haya ni ya aina ile ile ambayo mtengeneza jibini wa Ulaya hujivunia, ila yaliishia katika kugandisha, hayakuvuka kwenda katika kukamua maji, kutia chumvi na kungoja.

Kwa nini wengine wakavuka? Jibu liko sokoni zaidi kuliko jikoni. Wafulani wa Benin hutengeneza jibini iitwayo wagashi, wakiigandisha kwa utomvu wa majani ya mti wa porini badala ya tumbo la ndama, na wanawake wa Kifulani huwauzia watu wasiofuga, katika miji na vijiji vya kilimo. Ethiopia iko jibini nyeupe iitwayo ayib, itokanayo na maziwa yaliyokwisha kutolewa siagi na kupashwa moto polepole; nayo yatembezwa masokoni. Mahali ambapo mwenye ng'ombe hukaa mbali na mwenye kununua, maziwa hutafuta umbo la kusafiri. Katika Unyakyusa, kinyume chake, mwenye ng'ombe alikuwa ndiye mwenye migomba, na jirani yake alikuwa mwenye ng'ombe vile vile. Maziwa yalikuwa chakula cha ndugu na marika walioketi pamoja, na hapakuwapo mgeni wa mbali wa kumuuzia. Vitu vilivyosafiri kutoka kwa wafugaji wa bara kwenda pwani vilikuwa ng'ombe wenyewe kwa miguu yao, ngozi, na samli, ambayo kwa kustahimili joto haina mshindani.

Waingereza nao walitazamia kuifanya nchi hii makao ya walowezi. Mwaka 1925 walowezi wa Kenya na wa nchi jirani walikutana Tukuyu kwa himizo la kiongozi wao, Lord Delamere, wakaota nyanda za juu za kizungu zitakazoendelea bila kukatika kutoka Naivasha hata Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka ule ule huko Naivasha kilianzishwa chama cha ushirika cha walowezi wenye maziwa, kilichokuja kujulikana kote kwa jina la KCC, na jibini ya Kenya ikapata mlango wake. Kusini mambo hayakwenda hivyo. Reli iliyotumainiwa kuteremka kutoka Dodoma haikujengwa, na garimoshi halikufika Mbeya mpaka reli ya TAZARA ilipomalizika katika miaka ya 1970. Walowezi wa Mufindi wakashika chai, wa kwingineko wakashika pareto, kahawa na tumbaku, yaani mazao makavu yanayovumilia kungoja lori katika matope ya Aprili. Ni vema hili likumbukwe na wale wapendao kusema kwamba Kenya ina jibini kwa sababu Wakenya wana bidii kuliko sisi. Kenya ilikuwa na reli, na reli ilikuwa na mabehewa.

Baada ya uhuru, kazi ya kubadili ng'ombe ilishikwa na serikali. Katika uwanda wa Kitulo, kiasi cha mita 2,600 juu ya bahari, ambako usiku wa Juni na Julai umande huganda juu ya majani, liliwekwa shamba la ng'ombe wa Kifrisi. Uyole, karibu na mji wa Mbeya, kikawekwa kituo cha utafiti na mafunzo ya kilimo kwa msaada wa nchi za Skandinavia. Sao Hill likawa shamba la kuzalisha mitamba. Tena kwa msaada wa Uswisi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuendelea, mradi wa ng'ombe wa maziwa wa Nyanda za Juu Kusini uliwafikia wakulima wadogo wa mikoa yote miwili, ukiwapa mitamba chotara na mafunzo ya kuwatunza. Si kila kitu kilifanikiwa. Ndigana kali, inayoenezwa na kupe, iliwaua ng'ombe wengi wa kigeni, pigo ambalo ng'ombe wa asili wangelistahimili, na majosho yaliyojengwa kwa gharama kubwa yalikauka moja baada ya jingine kila dawa ilipokosekana. Lakini tabia ya ufugaji iligeuka. Leo katika Rungwe, Njombe na Mufindi ni jambo la kawaida kumkuta ng'ombe mmoja au wawili ndani ya banda la mbao nyuma ya nyumba, wakikatiwa matete na majani ya Guatemala, nao wakitoa kwa siku lita 8, 10 au zaidi. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hii, mkulima mdogo akawa na maziwa ambayo aila yake haiwezi kuyamaliza.

Hapo ndipo maziwa yalipohitaji safari, na jibini ikapata sababu.

Shirika la CEFA, lililoanzishwa Bologna, Italia, mwaka 1972, lilikuwa limekwisha kufanya kazi katika vijiji vya upande huu kwa miaka mingi, na watu wa Matembwe katika Njombe na wa Bomalang'ombe katika Iringa wanalijua kwa umeme wa maporomoko kabla ya kulijua kwa maziwa. Katika miaka ya 2000, kwa kushirikiana na chama cha wafugaji wa Njombe, NJOLIFA, na kwa msaada wa Granarolo, kampuni kubwa ya maziwa iliyomo mikononi mwa wafugaji wa ushirika wa Italia, kiwanda cha maziwa kikasimama Njombe, nao wafugaji kwa chama chao wakawa miongoni mwa wenye hisa. Maziwa ya kunywa na mtindi yalitangulia, na maelfu ya watoto wa shule wakapata kikombe. Jibini ilifuata, kwa kuwa waalimu walikuwa watu wa Emilia, yaani upande wa Bologna, na mtu wa Emilia akiona maziwa yamezidi hawezi kufikiri jambo jingine.

Kazi yenyewe yastahili kutazamwa kwa karibu. Maziwa hufika kituoni asubuhi, kwa baiskeli, kwa bodaboda, mengine kichwani, katika makopo ya alumini na ndoo. Mpokeaji huchota kidogo akayatia spiriti, na yakikatika yanarudishwa kwa mwenyewe hapo hapo mbele ya wenziwe, hukumu ambayo hakuna rufaa. Kisha hutumbukizwa laktomita kumfichua aliyeongeza maji. Yaliyosalimika hupashwa moto wa kiasi kiwandani ili kuua vijidudu, hupozwa hata karibu nyuzi 35, hutiwa bakteria wa kuchachusha na reneti, hutulia mpaka yawe kama nyama, na hukatwakatwa kwa nyuzi za chuma ili maji yatoke. Kwa mozzarella, donge hilo likisha kupata uchachu wa kutosha hutiwa katika maji ya moto yapatayo nyuzi 80, na mfanyakazi hulivuta, hulikunja na kulivuta tena hata ling'ae na kufuma nyuzi. Vidole vya mgeni wa kazi haviwezi joto lile, na ustadi wa mtu waonekana kwa wepesi wa mkono wake kutoka majini. Kwa caciotta hakuna kuvuta: donge hujazwa katika vikombe vyenye matundu, hugeuzwa, hutiwa chumvi, na hukaa siku au majuma katika chumba cha baridi. Yale maji yabakiayo, ambayo ni sehemu kubwa ya maziwa yaliyoingia, yangali na protini na sukari, na nguruwe huyafurahia sana.

Kwa hesabu ya biashara, lita 10 za maziwa hutoa takriban kilo moja ya jibini ya namna ya caciotta. Hapa ndipo hoja ya wenye fahari, wanaoihesabu jibini hii kuwa ya nchi tayari, inapolegea. Mlaji wa jibini nchini mwetu ni mmoja katika wengi, ilhali mnywaji wa chai ya maziwa yuko kila nyumba. Ndiyo maana ASAS ya Iringa, iliyokuja kuwa miongoni mwa viwanda vikubwa vya maziwa nchini na inayokusanya maziwa hata Rungwe, ilijenga jina lake kwa maziwa ya pakiti na mtindi. Jibini ina faida nyingine, nayo ni ya majira. Mvua zinyeshapo, Novemba mpaka Mei, majani huzidi, maziwa hufurika na bei huanguka. Septemba na Oktoba ng'ombe wale wale hutoa nusu. Kiwanda chenye jibini ya kukaa muda mrefu chaweza kuyaweka maziwa ya Machi mpaka wakati wa uhaba. Hivyo jibini ni ghala zaidi kuliko bidhaa, na anayeihukumu kwa wingi wa mauzo ya mwezi mmoja hajaijua kazi yake.

Turudi katika swali letu la asili. Ulaya imetufundisha kuziheshimu jibini zenye majina ya wilaya kana kwamba zilishuka kutoka mbinguni pamoja na milima yake. Ukweli ni kwamba umaarufu wao ulijengwa kwa makubaliano. Parmigiano Reggiano ina karne nyingi, lakini chama cha watengenezaji kinachoilinda ni cha mwaka 1934, na hifadhi ya jina lake katika sheria za Umoja wa Ulaya ni ya mwaka 1996. Ndani yake mna masharti ya majani atakayokula ng'ombe, mipaka ya wilaya, na miezi isiyopungua 12 ya kungoja kabla haijapigwa muhuri. Uzee uliwapa mwanzo, mapatano yakawapa nguvu.

Mfano wa karibu zaidi, na wenye kutufaa zaidi, uko Masisi, katika Kivu ya Kaskazini. Huko kwenye vilima vya majivu ya volkano, katika kimo kisichopishana sana na cha Njombe, watu hutengeneza jibini ya ng'ombe ya duara ambayo Kongo nzima huiita ya Goma, ijapokuwa Goma huiuza tu. Asili yake husimuliwa kuwa mapadri na watawa wa Kizungu, wala haizidi umri wa mtu mzima. Lakini ilitoka katika mikono ya watawa ikaenda katika vibanda vya wafugaji, vyenye sufuria, kuni na rafu za mbao. Na ingawa vita vimepita juu ya Masisi mara kwa mara tangu miaka ya 1990, na mifugo imeporwa makundi kwa makundi, jibini haikufa, kwa sababu ujuzi wake haumo katika mashine moja ambayo ikichomwa mambo yamekwisha. Waafrika wenzetu wanaosema Kiswahili, katika nchi yenye dhiki kuliko yetu, wamekwisha kulijibu swali ninalolichambua, wala hawakungoja karne tano.

Nikilinganisha Masisi na Njombe, naona tafauti mbili zenye uzito. Ya kwanza ni kwamba ya Masisi hutengenezwa na wengi, yetu hutengenezwa na wachache ndani ya kuta chache. Ya pili, ambayo kwangu ndiyo kubwa, ni kwamba jibini yetu haina chochote cha ladha ya nchi ila majani. Maziwa yakisha kupashwa moto, bakteria wake wenyewe wamekufa. Wanaotiwa badala yao hutoka katika pakiti za ng'ambo, na reneti vile vile. Majani ya Njombe yameingia katika mafuta ya maziwa, hilo ni kweli, lakini kazi ya kuipa jibini tabia yake imefanywa na viumbe ambao hawajapata kuiona milima ya Livingstone.

Simaanishi kwamba maziwa yasipashwe moto. Ugonjwa wa kutupa mimba na kifua kikuu cha ng'ombe vingali vipo, navyo hupita katika maziwa mabichi mpaka kwa watu. Marekani yenyewe tangu 1949 imeshika kanuni kwamba jibini ya maziwa mabichi isiuzwe kabla ya siku 60. Shauri langu ni jingine. Vile vibuyu vya mama zetu, ambavyo kila kimoja kilikuwa na ukoo wake wa mtindi, vingali vipo katika baadhi ya nyumba za Rungwe, Makete na Ludewa, na humo mna bakteria walioishi na baridi ya nchi hii kwa vizazi. Kuwachukua, kuwachunguza, kuwatenga walio salama na wenye ladha, na kuwarudisha katika maziwa yaliyopashwa moto ni kazi ambayo Uyole na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro wana elimu ya kuifanya. Ndoo za plastiki na friji zinawamaliza viumbe hao nyumba baada ya nyumba, na ukoo uliokatika hauagizwi kwa pakiti.

Liko na suala la mlaji. Aghalabu jibini iliyopata kuwa ya asili mahali ililiwa kwanza na waliokamua maziwa yake au majirani zao, na wageni wakaja baadaye kuisifu. Kwetu mambo yamepinduka: mwenye ng'ombe wa Njombe hupeleka maziwa kiwandani, hupokea fedha, na mozzarella huondoka kwa gari la baridi kwenda kupambwa juu ya piza ya mtu asiyemjua. Mozzarella haifai nyumba isiyo na friji, na kwa ugali haisemi neno. Lakini jibini ya mkazo, yenye chumvi ya kutosha, isiyoyeyuka upesi katika mafuta, yaweza kukaangwa vipande ikatiwa katika mchuzi wa nyanya na vitunguu kama samaki, ikawa mboga. Watu wa Benin hufanya hivyo kila siku kwa wagashi ya Wafulani. Jibini ya namna hiyo haihitaji mashine kubwa, haihitaji mwalimu kutoka Bologna, na mama wa Tukuyu mwenye lita 10 za jioni zilizokosa kituo cha kuzipokea aweza kuitengeneza kwa sufuria aliyo nayo, mradi afundishwe usafi na kiasi cha moto.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba jibini ya Nyanda za Juu Kusini kwa sasa ni ya mkoa kwa majani yake na kwa jasho la wafugaji wake, lakini bado si ya asili, wala kupita kwa miaka peke yake hakutaifanya kuwa hivyo. Bodi ya Maziwa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 ili kuitengeneza tasnia hii, hutumia nguvu nyingi kuwahimiza watu wanywe maziwa, na ni haki yake kufanya hivyo. Naiomba, pamoja na viwanda vya Njombe na Iringa, ifanye jambo dogo zaidi: maonyesho ya Nane Nane yajayo katika uwanja wa John Mwakangale, Mbeya, jibini isikatwe vipande vidogo vya kuonjeshwa wakubwa kwa vijiti, ikaangwe, itiwe mchuzi, iwekwe sahanini pamoja na ugali, na wauziwe wafugaji kwa bei ya mlo wa kawaida.